Mchungaji, Dawa Zangu Ziko Wapi?

Mama zangu na dada zangu wa Matinyani, asanteni kwa kunipa kiti. Nikisimama muda mrefu mgongo huanza kuwaka. Aliyenialika ameniomba niongee kwa upole kwa sababu hapa ni mahali pa ibada. Nitajaribu. Lakini nikianza kupaza sauti, msidhani nimewakasirikia nyinyi. Hasira ninayo, siifichi, na sijaona mahali Biblia imesema mtu aliyeponywa ni lazima atabasamu.

Naitwa Kavinya. Kwetu ni nje kidogo ya Kyuso. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kazi. Mimi na mume wangu, Mutua, tulilima ndengu, na siku za soko nilinunua mbuzi vijijini nikawauza. Mbuzi dume akikataa kutembea, nilimtupa mabegani tukaenda. Jumapili niliimba kwaya, sauti ya kwanza. Tuna wasichana wawili, na hakuna siku walilala bila kula chakula cha mkono wangu.

Maumivu yalianza wakati wa palizi. Kiuno kikauma, nikasema ni jembe. Palizi ikaisha, maumivu hayakuisha. Yakapanda katikati ya mgongo, yakakaa hapo kama mtu ameingiza kisu na kukisahau. Nililala nikaamka shuka imelowa jasho. Sketi zikaanza kunishuka, nikazifunga kwa kamba. Kwenye zahanati nilipewa vidonge vya maumivu, nikirudi napewa vingine vya rangi tofauti.

Siku moja Mutua alikuwa akinisugua mafuta. Mkono wake ukasimama.

"Kavinya, hapa kuna kitu kimetokeza. Kama kifundo."

"Ni mfupa."

"Mfupa haukuwa hapa."

Tukaenda hospitali mjini Kitui. Nikapigwa eksrei. Daktari akanionyesha picha, pingili zangu mbili za uti wa mgongo zimeliwa kama muhindi ulioingiwa na wadudu.

"Mama, hii ni TB ya mfupa," akasema.

"Lakini mimi sikohoi."

"TB haikai kifuani peke yake. Utameza dawa karibu mwaka mzima. Usiache hata ukijisikia vizuri. Ukiacha, miguu inaweza kupooza."

Nikaanza dawa. Mkojo ukawa wa rangi ya chungwa, tumbo likanivuruga, lakini baada ya wiki kadhaa jasho lilikauka na nikaanza kutamani muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa. Mutua alipoona nimepata nafuu akaenda Makueni kuchuma machungwa, maana shamba letu mvua ilikuwa imelikataa.

Hapo ndipo mchungaji wetu alipokuja. Jina lake silitaji. Siyo kwa heshima. Ana watoto, na watoto hawajanikosea.

Alikuja na akina mama wa maombi, wenzangu wa kwaya. Wakaimba, wakaomba, nikalia kwa furaha, kwa sababu nilikuwa mpweke. Halafu akaona dawa zangu juu ya kabati.

"Dada Kavinya, hizi ni za nini?"

"Ni za hospitali, mchungaji."

"Leo tumeomba. Mungu amesikia. Sasa hizi zinamwambia Mungu nini? Kwamba humwamini. Kwamba umemwekea msaidizi."

Nikamwambia daktari amesema nisiache. Akacheka, wale wenzangu nao wakacheka. Akachukua dawa zote akaziweka mfukoni mwa koti lake. Akasema, "Nakuondolea kikwazo." Mimi nilikuwa nimelala, siwezi kuinuka bila kushikwa. Watu husema, Kavinya aliacha dawa. Sikuacha. Nilinyang'anywa kitandani kwangu, na wimbo ukaimbwa juu yake.

Wiki chache bila dawa, miguu ilianza kwa ganzi. Vidole, nyayo, magoti. Asubuhi moja nikaiambia iteremke kitandani, ikabaki pale kama miguu ya mtu mwingine. Kisha mkojo ukawa unatoka bila mimi kujua. Nawaambia hivi mbele yenu kwa sababu kuna mwanamke hapa anatokwa hivyo hivyo na anaona haya kusema. Nikapata kidonda cha kulalia kwenye makalio, kikawa na shimo, kikanuka. Binti zangu walinigeuza wakiwa wameziba pua kwa kanga, na mimi niliwaambia wazibe.

Mchungaji alirudi mara moja. Alisimama mlangoni. "Kuna dhambi umeficha," akasema. "Uitaje, utasimama." Nikafikiri, nikatafuta, nikataja hata vitu vya utotoni. Miguu haikusimama. Hakuja tena, na kwaya haikuja. Habari ikazunguka Kyuso kwamba Kavinya ana laana, na Mutua nikimpigia simu nilimwambia niko sawa, kwa sababu nilishaamini laana yenyewe ni yangu.

Jumapili moja asubuhi nilisikia kwaya yangu ikiimba kanisani. Upepo ulileta kila neno. Mtu mwingine alikuwa akiimba sehemu yangu, na aliimba vizuri. Hapo kitu kikapasuka ndani yangu. Sikuomba vile nilivyofundishwa. Nilipiga kelele. Nikasema, "Mungu, kama ni wewe ulimtuma yule mtu, sikutaki tena, tafuta mwingine. Na kama hukumtuma, mbona umenyamaza? Fanya kitu! Fanya kitu leo!" Binti zangu wakaja mbio wakifikiri nakata roho.

Hiyo ndiyo sala ya kwanza ya kweli niliyowahi kuomba. Na siijutii.

Siwezi kuwaambia mbingu zilifunguka. Ninachojua ni kwamba wiki hiyo hiyo alikuja Mama Abdi. Huyu ni mama Msomali, Mwislamu, mfanyabiashara wa mifugo, watu wake walitoka upande wa Garissa. Tulikuwa tukishindana sokoni kwa mbuzi wale wale, na hatukuwa marafiki hivyo. Aliona sipo, akauliza, akaambiwa habari ya laana. Akaja kujionea.

Aliingia, harufu ikampata, na hakuziba pua. Akaita maji moto. Akanivua, akaniosha mwenyewe, hadi ndani ya kidonda. Nikamweleza yote nikilia.

"Na dawa ziko wapi?" akauliza.

"Mchungaji alichukua. Alisema namkosea Mungu."

"Kavinya, mimi naswali mara tano kwa siku, na kila siku najidunga sindano ya sukari hapa tumboni. Mungu hajawahi kunilalamikia. Nipe namba ya mume wako."

Sikuwahi kumsikia Mutua akilia. Nilimsikia kwenye simu ya mwanamke wa Kisomali. Kesho yake nilipandishwa kwenye pikapu ya kubeba mbuzi, godoro chini, na Mama Abdi akaketi nyuma na mimi akinishikilia kwenye mashimo yote ya ile barabara mpaka Kitui, ambako Mutua alikuwa akitusubiri kwenye lango la hospitali.

Daktari alikuwa yule yule. Alinigonga magoti, hayakujibu. Akaniuliza nani aliniambia niache dawa. Nilipomjibu, alivua miwani akajifuta uso.

"Mama, siahidi utatembea. Naahidi tutajaribu."

Walitoa usaha mgongoni, wakanirudishia dawa, wakasafisha kidonda kila siku, na kila siku nilijua jina jipya la maumivu. Nilivaa mshipi mgumu kifuani. Sista mmoja wa mazoezi alikunja na kukunjua miguu yangu miezi mingi kama anakanda unga, na mimi nikimwambia anapoteza muda. Halafu siku moja mchana, Mutua akininawisha miguu, akaangusha kitambaa.

"Kavinya. Umetikisa?"

"Nini?"

"Kidole. Tikisa tena."

Nikakiambia kidole gumba kitikisike. Kikatikisika. Tukashikana tukapiga ukelele hadi wagonjwa wengine wakaamka.

Kutoka kidole mpaka kusimama, kutoka kusimama mpaka fremu ya kutembelea, kutoka fremu mpaka fimbo hii, mwaka ulipita na zaidi. Nikarudi nyumbani kwa miguu yangu.

Na mchungaji akatuma ujumbe: njoo utoe ushuhuda.

Mutua alisema usiende. Nikaenda. Kanisa lilikuwa limejaa. Mchungaji akanishika mkono, akaniinua mbele ya watu. "Huyu dada alikuwa amepooza! Tukafunga, tukaomba, na leo mnamwona!" Watu wakapiga makofi, vigelegele, ngoma. Akanipa maiki.

Nikasubiri wanyamaze. Nikasema, "Mchungaji, dawa zangu ziko wapi?"

Akatabasamu. "Dada, mwambie Yesu asante."

"Namshukuru kila siku. Nakuuliza wewe. Ulizitia kwenye koti. Nikapooza. Ziko wapi?"

Maiki ikazimwa. Nikaiweka chini. Niliimba kwaya miaka mingi bila maiki. Nikaeleza yote, mkojo, kidonda, Mama Abdi, na nikawatazama wale wenzangu mmoja mmoja. Mchungaji alikuwa akisema nimeingiwa na pepo, nikae chini. Halafu nyuma kabisa akasimama mama mmoja ambaye mtoto wake ana kifafa.

"Mchungaji, na za mtoto wangu je? Ziko wapi?"

Hakuna aliyepiga makofi tena.

Mtapenda kusikia kwamba mchungaji alitubu. Hakutubu. Bado yuko pale, bado anajaza kanisa, na kuna watu wa ukoo wangu hawanisalimii. Hilo linaniudhi mpaka leo na litaniudhi kesho. Lakini yule mtoto amerudishwa kliniki na anaenda shule. Na mimi nilipata kazi ambayo sikuitafuta: naenda na mhudumu wa afya wa kijiji, tunaingia nyumba ambazo mgonjwa amefichwa chumba cha ndani. Naketi kitandani, siulizi dhambi. Nauliza, umemeza dawa? Kisha naomba naye, kama anataka.

Nashukuru Mutua. Nashukuru daktari na yule sista. Nashukuru Mama Abdi, ambaye bado ananipokonya mbuzi sokoni bila huruma. Na namshukuru Mungu, kwamba nilimpigia kelele na hakuniacha. Imani niliyo nayo sasa ni ndogo kuliko ile ya zamani, lakini hii ni yangu.

Sasa wewe uliyeketi hapo umeficha karatasi ya kliniki ndani ya Biblia, sikiliza. Omba. Funga ukiweza, lakini muulize daktari kwanza. Na dawa uimeze. Mtu yeyote akikwambia uchague kati ya Mungu na dawa, huyo hakutumwa na Mungu, hata akiwa na kanisa kubwa namna gani. Inuka utoke. Na kama miguu imekataa kuinuka, tuma mtu aniite. Nitakuja polepole, lakini nitafika.