Kamba ya Funguo Tatu

Mkaguzi wa vikundi vya akiba hutoka Lilongwe asubuhi, na akifika hapa kambini Dzaleka haketi hata ukimpangusia kiti. Kwanza anavua saa yake na kuiweka mezani, kisha anazivuta kufuli za sanduku letu la akiba, moja moja. Anasema chini chini. Ukitaka kumsikia lazima unyamaze, na sisi tunanyamaza kweli, maana neno lake moja linatosha kukifunga kikundi. Watu wanasema zamani alikuwa na kampuni ya kukopesha kule mjini, mtaa wa Kawale, ikaanguka na hela za watu, kabla serikali haijamchukua aandike kanuni. Yeye hajawahi kuitaja.

Safari hii hakutaka kuona hela wala daftari. Sanduku lina kufuli tatu, na kanuni yake inataka kila ufunguo ukae kwa mtu wake. "Wenye funguo wasimame," akasema. Akasimama Narcisse peke yake, mwenyekiti wetu, funguo zote tatu zikining'inia shingoni mwake kwa kamba moja.

"Wengine wawili?"

"Zote iko kwangu, maman. Benyewe banakaa mbali, tulikuwa tunachelewa. Na bantu bananiamini."

Mkaguzi akanyoosha mkono, akapewa kamba, akahangaika na fundo lake mpaka likafunguka. Ufunguo mmoja akanitia mimi kiganjani.

"Kule Kawale na mimi waliniamini," akamwambia Narcisse. "Funguo zote zilikuwa kwangu."