Zana za Marehemu Si Nyama ya Kugawana

Nakumbuka Ijumaa moja ya miaka ile ya sitini, mwanangu, wanaume wa ukoo walipoketi uani kwangu, nje kidogo ya Kendu Bay, wakagawana nyundo za mume wangu kama watu wanaogawana nyama. Nimesema nyama na sijakosea. Kila mmoja alinyoosha mkono akachukua kipande chake. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, na uzee wote huu haujaipoza. Usiniambie nitulie. Nitatulia nikimaliza kusema.

Mume wangu, Odhiambo, alikuwa fundi wa bati. Mimi ni mtu wa Migori, na ndiko alikonikuta, amekuja kufunga mifereji ya mvua kwenye paa la shule. Alitengeneza ndoo, masanduku ya wanafunzi, taa ndogo za mafuta ambazo sisi huziita nyangile, na zaidi ya yote makarai ya kukaangia samaki. Makarai yake yalivuka maji mpaka Rusinga, yakafika na Sindo. Kina mama wa samaki walimwagiza karai jinsi watu wanavyomwagiza fundi cherehani gauni, kila mmoja na kimo chake.

Zana zake hakununua hata moja. Angenunua wapi? Alipata kipande cha reli, akakisugua kwa tupa jioni baada ya jioni mpaka uso wake ukang'aa, kikawa fuawe ya kupigia bati. Mkasi wake wa bati aliutoa kwenye springi za lori bovu. Nyundo za mbao alizichonga mwenyewe, nyingine bapa, nyingine za mviringo. Wahenga walisema ukiona vinaelea vimeundwa, na vya Odhiambo nilishuhudia vikiundwa.

Tena mimi ndiye niliyemshikia. Yeye anapiga, mimi nazungusha bati. Pigo moja, nazungusha kidogo, pigo lingine, nazungusha tena. Ukizungusha sana, karai linakuwa na matuta. Ukichelewa, anapiga pale pale mara mbili na bati linachoka. Lakini mpita njia humwona anayepiga tu. Anayezungusha hakuna amwonaye, hata awe amekaa pale tangu asubuhi na vidole vimekatwakatwa.

Basi aliugua tumbo, akafa mwaka ule ziwa lilipopanda likameza mashamba ya ufukweni. Niliachwa na watoto wawili wadogo.

Kwetu, mwanangu, matanga yakiisha, ndugu huja kugawana vitu vya marehemu. Huyu anachukua koti, yule kigoda, mwingine kikombe alichonywea. Mila hiyo siitukani, sikia vizuri. Ndugu akivaa koti la nduguye, unaona marehemu bado anapita njiani, na moyo unapata faraja. Lakini nani alisema reli ni koti? Nani alivaa mkasi wa bati akamkumbuka mtu?

Aliyesimamia ugawaji alikuwa shemeji yangu Oyugi, kaka yake Odhiambo. Alichukua reli. Mkasi akampa binamu mmoja ambaye sijawahi kumwona akikata kitu chochote isipokuwa tumbaku. Nyundo zikaenda Rusinga na mjomba, na baadaye nikasikia moja imewekwa kuzuia mlango usipigwe na upepo. Yawa! Nyundo ya fundi, kuzuia mlango! Na walifanya haraka, maana wengi wao walikuwa wa kanisa la Jumamosi na jua lilikuwa linazama. Walimaliza kabla Sabato haijaingia. Sabato waliiogopa, mjane hawakumwogopa.

Nikauliza, kwa heshima, "Shemeji, na mimi nitawalisha watoto kwa kitu gani?"

Oyugi alikuwa amekalia kiti cha mume wangu. Akatabasamu. "Utalishwa," akasema. "Mwenye nyumba akipatikana, utalishwa."

Kila mtu pale alielewa, na wengine wakacheka chini chini. Alitaka kunirithi. Alikuwa tayari na wake wawili na shamba la magugu, na bado alinitaka mimi, na boma hili, na kishamba cha Odhiambo. Alijua hesabu yake. Zana zikiondoka, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, sufuria inakauka. Sufuria ikikauka, mwanamke anabisha mlango. Ndiyo sababu alichukua reli. Hakuwa na haja ya reli, alikuwa na haja ya njaa yangu. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Na nilikwenda, mwanangu. Nilikwenda boma lake kumwomba anirudishie walau ile reli. Unajua niliikuta wapi? Amemfungia fahali kwayo! Chuma alichokisugua mume wangu mpaka vidole vikatoka ngozi, kimelala kwenye matope, ng'ombe anakikojolea. Nikaomba hivyo hivyo. Oyugi akachokonoa meno, akaniambia, "Mkono mtupu haulambwi, mama. Siku ukija na jibu, utaondoka na reli."

Nikarudi nalia njia nzima. Mama mkwe wangu alikuwa uani anaanika omena, dagaa wetu wa ziwani. Mwanamke mnene huyo, mzito wa mwili na wa maneno. Kumzika mwanawe kulikuwa kumemnyamazisha, hakuwa amesema la maana tangu kaburi lilipofunikwa. Akainua uso.

"Umetoka wapi?"

"Kwa Oyugi, mama. Kuomba reli."

Alitupa ungo, omena wakamwagika. "Kuomba! Nyar Migori, kuomba!" Nyar Migori ni binti wa Migori, na ndivyo alivyoniita tangu nilipoolewa. "Odhiambo nilimzaa mimi. Alitoka mikono mitupu, hakutoka na nyundo tumboni mwangu. Hizo nyundo alizitengenezea hapo hapo unapolilia. Na wewe ulikuwa wapi siku hizo? Ulikuwa mgeni?"

Nikamwambia, "Mama, mimi ni mwanamke."

"Ala! Na mimi ni nini? Nyamaza, ulete shoka."

Hivyo ndivyo alivyonikaripia, na sijawahi kupewa baraka iliyo kubwa kuliko karipio lile.

Ufukweni kulikuwa na mkwaju uliokufa, mizizi imeozeshwa na maji ya ziwa yaliyopanda. Mkwaju ni mti mgumu, hata ukifa haukubali shoka upesi. Tulikata gogo la kimo cha goti, tukalibiringisha mpaka nyumbani. Juu yake tukaweka makaa, tukapuliza, tukakwangua kwa kijiko, tukaweka makaa tena, mpaka likapata shimo la mviringo, la kina kidogo, kama sahani ya ugali. Hilo ndilo lililokuwa kalibu letu. Tawi lake nikalichonga nyundo, upande mmoja nikaufanya mviringo kama yai.

Mfuko wa ngozi ya mbuzi nikaujaza mchanga wa ziwa uliokauka, nikaushona mdomo. Bati ukilikung'uta juu ya mfuko ule, linanyooka bila kupiga kelele. Kipande cha springi ya lori nilikiokota kando ya barabara, nikakinoa kwenye mwamba kwa maji na subira mpaka kikawa tindo ya kukatia. Nyundo ya kuipigia? Nilipata nati kubwa ya gurudumu la trela. Tundu tayari inalo, kwa hiyo nikapitisha mpini wa mti, nikaugongea kabari. Nyundo hiyo! Wewe unayeniambia leo huna vifaa, njia nzima unakanyaga nati.

Mama mkwe akaniletea na jiwe lake la kusagia wimbi, lile la mkono, lenye mgongo wa mviringo. "Lisage bati," akasema, "mimi meno yamekwisha, nitakunywa uji." Jiwe lile aliolewa nalo.

Watu wa kutengeneza barabara walikuwa wameacha pipa la mafuta lililotoboka kwa kutu chini, lakini ubavu wake bado mzima. Nikalikata. Nikachora duara kwa msumari na uzi, nikaweka bati juu ya gogo, nikaanza ukingoni nikizunguka kuelekea katikati. Sasa hakukuwa na wa kunishikia. Mkono wa kushoto ukazungusha, wa kulia ukapiga. Ukingo ukaanza kujikunja kama upindo wa sketi, na hapo ndipo wengi huharibu, wanaendelea kupiga katikati kwa kupenda kuona shimo linaingia. Kunjo likilala limekufa, bati litapasuka hapo. Lazima ulirudie ulinyooshe likiwa dogo. Nilijua hayo kwa sababu miaka yote ile nilikuwa nikiyaona kwa vidole.

Karai la kwanza lilitoka bovu, usicheke. Lilikuwa kama kofia iliyokaliwa na mtu. La pili lilikaa sawa. La tatu nikalichukua sokoni Homa Bay, na mama mmoja muuza samaki akaligonga kwa kidole, akalitazama chini, akauliza, "Si mliniambia Odhiambo amekufa?" Nilisimama katikati ya soko nikalia, na safari hii sikulia kwa kuomba.

Habari zikafika kwa Oyugi. Akaja asubuhi na wazee wawili wa ukoo. Mimi nilikuwa kazini, mama mkwe yuko mlangoni na uji wake. Oyugi hakusalimu vizuri. Akasema mbele ya wazee kwamba mjane hapigi bati kabla hajapata mtu wa kuingia nyumba yake. Akasema tena kwamba gogo limetoka kwenye ardhi ya kaka yake, kazi ni ya kaka yake, kwa hiyo zana hizi nazo ni vitu vya marehemu ambavyo havikugawanywa. Amekuja kuvichukua.

Umesikia, mwanangu? Zana nilizozitengeneza mimi, baada ya kaburi kuota majani, amezifanya za marehemu! Nilitazama wazee, nao wakatazama chini. Nikajua kabisa kwamba gogo lile likitoka uani siku ile, nitalifuata, na nikilifuata nitaishia nyumbani kwa Oyugi. Sikuwa na nguvu ya kuanza mara ya tatu.

Mama mkwe akaweka kikombe chini. Akaja polepole, maana miguu ilimsumbua, akaliondoa bati nililokuwa nalipiga, akageuka, akakaa juu ya gogo. Akajitandaza hasa, leso yake ikalifunika lote.

"Mila hiyo ya kutopiga bati umeitoa wapi?" akamuuliza mwanawe. "Mimi ni mjane tangu kabla hujaota ndevu. Nililima, nilivua, nilisaga. Nani alinizuia?"

"Mama, inuka," Oyugi akasema.

"Siinuki. Mnataka kugawa? Gaweni. Anzeni na mimi, maana mimi pia niliachwa na marehemu. Nani anachukua mguu? Nani anachukua kichwa? Odhiambo hakuacha kitu kizito kuliko mimi."

Oyugi alimshika mkono. Mama akamtazama tu, mkono wa Oyugi ukaachia wenyewe. Mzee mmoja akakohoa, halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Anacheka na hataki tumwone. Akasema, "Oyugi, twende. Fahali wako anakungoja."

Wakaenda. Mama mkwe alikaa pale mpaka jua likawa kali. Nilipomwambia wameshafika mbali, akaniambia, "Najua. Nimeshindwa kuinuka. Nivute."

Oyugi hakurudi tena na neno la kurithi. Watoto wangu walisoma kwa makarai. Reli sikurudishiwa, ilikufia kwenye matope. Unaniuliza kama nilimsamehe? Kanisani nilisema ndiyo.

Sasa nasaha yangu, uisikie bila kupepesa. Siku ukiitwa kugawana vitu vya aliyekufa, chukua koti, chukua kofia, chukua hata kijiko chake ukatilie sukari. Cherehani, jembe, wavu, mashine ya kuchomelea, acha. Hivyo ni chakula cha waliobaki, na anayekiondoa anajua anachofanya, hata akikuimbia mila na dini. Usinyamaze kama wale wazee waliotazama chini. Heri ucheke waziwazi mapema kuliko kukohoa jambo likishaharibika.

Na wewe uliyenyang'anywa, au uliyezaliwa huna, usikae mlangoni kwa aliyekuchukulia. Ukimwomba mtu zana, unampa na nafasi ya kutaja bei, na bei yake huijui itaishia wapi. Tazama kando ya barabara, tazama mti uliokufa, tazama mikono yako ilichokuwa ikishika miaka yote bila kusifiwa. Kazi mbaya ya kwanza isikuvunje moyo, maana hata anayezungusha tu anajifunza kupiga.

Mungu akupe mikono isiyoogopa moto wala aibu, mwanangu. Kile ukiundacho kikulishe na kikuzike. Na siku watakapokuja wengi kukuchukulia, akuletee mtu mmoja tu, mzito, asiyejua kuinuka.