Nilikataa Kubonyeza Enta

Mstari ulikuwa unajila wenyewe.

Namaanisha hivyo hivyo. Unaandika amri kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta, ukifika ukingoni, maneno hayashuki chini. Yanarudi mwanzo, yanakanyaga yaliyotangulia. Vurugu tupu.

Nafanya kazi kituo cha redio, chumba cha seva. Bosi wangu ni shemeji, kaka wa mume wangu. Ndiye aliyeniingiza kazini, na ukoo mzima hauchoki kunikumbusha.

Siku hiyo seva ilijaa pomoni. Matangazo ya jioni yangekatika. Shemeji akaja mbio, akaiita amri ya zamani kwa kitufe cha mshale, akaibadilisha hapa na pale ili ifute folda ya mafaili ya muda. Akanisukumia kibodi.

"Bonyeza enta."

Nikautazama mstari. Nusu yake herufi zimepandana.

"Shemeji, sioni hapa pameandikwa nini."

"Nimeandika mimi. Bonyeza!"

"Sibonyezi."

Akanyoosha mkono abonyeze mwenyewe. Nikaichomoa kibodi, nikaipakata kama mtoto.

Akampigia mume wangu, akaweka spika.

"Mama watoto, usinitie aibu. Si enta tu?"

"Njoo uibonyeze wewe."

Shemeji akakata simu. "Matangazo yakikatika, kesho usije."

"Sawa. Ila leo nipo."

Nikachomeka kibodi, nikafungua dirisha la pili la kujaribia. Nikalipanua. Bado. Nikabadilisha mpangilio ili mstari uteleze pembeni badala ya kujikunja. Bado unaruka ruka.

Macho yakaangukia mwanzo wa mstari. Jina la kituo, limepambwa kwa nyekundu na kijani.

Aah!

Rangi zile huwekwa kwa alama zisizoonekana. Usipozifunga kwenye mabano yake, kompyuta inazihesabu kama herufi, inakosea upana wa mstari. Nikazifunga, nikarudisha mpangilio wa awali. Mstari ukajikunja, ukashuka chini kwa adabu.

Nikarudi dirisha la kwanza, nikaihifadhi amri yake bila kuiendesha, nikarekebisha rangi, nikaiita tena.

Sasa tukaiona yote.

Nafasi moja ya ziada ilikuwa imeikata njia ya folda vipande viwili, na kipande cha kwanza kilitaja folda kuu, yenye rekodi zetu zote. Enta moja tu, na maktaba nzima ya sauti ingekwenda na maji.

"Nakala za akiba zipo?" nikauliza.

"Nilizifuta wiki iliyopita. Nilitafuta nafasi."

"Na hizi rangi, nani aliweka?"

"Zilikuwa zinapendeza," akasema.

Nikaondoa ile nafasi, nikasoma mara mbili, nikabonyeza. Matangazo hayakukatika.

Shemeji akaketi, akaingia kwenye maktaba, akapekua. Sauti ikajaa chumbani: mzee anatangaza mpira, anacheka katikati ya goli.

Baba mkwe wangu. Alitangaza hapa mpaka alipofariki. Hatuna sauti yake nyingine popote duniani.

Shemeji akafuta macho kwa mkono wa shati.

Nikajua sasa ataniomba radhi. Wapi! Kesho yake nikakabidhiwa barua ya onyo. Kosa: ukaidi.

Nikaandika chini yake: "Nimesoma. Nitarudia."

Ndugu zangu, asikuharakishe mtu kukubali usichokiona, hata kama ndiye aliyekushika mkono. Mambo yakiharibika, ataulizwa aliyebonyeza.