Kuku wa Pongezi

Kawempe nzima, huku Kampala, hakuna aliyejua kulipiza kisasi huku anatabasamu kama Nabwire, na anayebisha aje tubishane kwa soda. Atanunua yeye.

Nabwire, Mama Vera kwa waliomzoea, alikuwa mgawaji wa vibanda katika soko moja dogo. Alipopata kazi hiyo, wanawake wa chama cha nyumbani, waliotoka Busia ya Kenya kama yeye, walikuja kumpongeza. Namalwa, mwenyekiti wao, alibeba kuku mwekundu kwapani. Kwao hiyo si rushwa, ng'o! Ni heshima. Ila heshima yenyewe ilikuwa inachungulia vibanda.

Nabwire akamrudisha kuku, mzimamzima, mbele ya watu.

Hapo alikosea kitoto. Angemchinja kisha akawasahau, wangemsengenya kidogo yakaisha. Kumrudisha ni kuwaambia: mimi na nyinyi si ndugu.

Mwaka haukuisha, mumewe Obura akafariki. Chama kikaja matangani, tena kwa vitenge vya sare. Wakaimba, wakapangusa machozi, lakini hakuna aliyegusa mwiko. Mjane alipoinuka mwenyewe kwenda kusonga ugali wa waombolezaji, Namalwa akasema kwa sauti ya kanisani, "Mwacheni. Mama Vera hapendi vya watu."

Aliyemnyang'anya mwiko ni Hasifa, jirani Mnubi, ambaye nyimbo zao hata moja hakuijua. "Kaa chini, dada. Mjane hapiki."

Nabwire akakaa. Moyoni alikuwa ameinjika chungu kingine.

Muda ukapita, soko likapanuliwa, na kibanda cha kona, pale getini, kikawatoa watu udenda. Namalwa akaja na jogoo.

"Mama Vera, haka ni ka kukusalimia tu."

"Karibu, dada yangu! Zamani nilikuwa mjinga." Nabwire akapokea kwa mikono miwili, goti kalikunja kabisa. "Kona ya getini ni yako. Ila funga mdomo, watu wana wivu."

Wenzake nao wakaja, mmojammoja, kila mtu na kuku wake, na kila mtu akaambiwa maneno yaleyale. Midomo ikafungwa. Ua wa Nabwire ukawika hadi majirani wakakosa usingizi.

Asubuhi ya kufungua, chama kizima kikakutana pale konani, kila mmoja na mzigo kichwani. Ndani ya kibanda ameketi Hasifa, anakaanga mandazi yake.

"Toka! Mimi nilitoa jogoo!" Namalwa akafoka.

"Jogoo? Mimi nilitoa tetea anayetaga!"

"Banange, jamani, kumbe hata wewe?"

Wakavutana vitenge vya sare hadi vikachanika. Nabwire akawaacha wachoke, kisha akasema kwa sauti ileile ya kanisani, "Twendeni kwa msimamizi wa soko. Kila mtu amweleze alinipa nini, na kwa ajili gani."

Kila mmoja akaanza kuokota mzigo wake.

"Na huyu Mnubi alikupa nini?" Namalwa akauliza.

"Alishika mwiko."

Wakainamisha vichwa. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesema huo nao ni upendeleo. Kwao, mwiko ulikuwa sababu tosha.

"Jioni karibuni kwangu," Nabwire akawaambia, meno yote nje. "Safari hii sirudishi kuku hata mmoja, nawachinja wote. Na msihangaike kuja kunisaidia. Kupika peke yangu mlinifundisha nyinyi."