Kimya cha Baba na Swali la Spika

Mtu anayekuficha udhaifu wake miaka mingi, kwa kuogopa kwamba ukiujua utaacha kumheshimu, je, amekupenda au hakukuamini? Mwanangu, nimesoma hadi chuo kikuu, nimelea, nimezika, na nywele za utosini sasa zinaniaga moja moja, lakini swali hilo bado limenikaa kooni. Nitakusimulia lilikotoka, nawe ukiwa na jibu siku moja, uje uniambie.

Siku yenyewe naikumbuka kwa sauti yake kuliko kwa tarehe. Ilikuwa miaka ile ya tisini, soko huria lilipoingia Mwanza kwa kishindo. Rafu zilizozoea kukaa na sabuni na viberiti tu zilijaa redio, feni na saa za ukutani kutoka Dubai. Sisi tuliohitimu tulirudi nyumbani na shahada zetu ndani ya bahasha, na serikali iliyowapangia kazi kaka zetu ilikuwa imeacha kupanga. Kila kijana alijitafutia. Wenzangu waliona riziki kwenye minofu ya sangara, samaki wa ziwani. Mimi niliona harusi. Kila Jumamosi watu walioana, na waliooana walitaka muziki. Nilikuwa na deki ya kanda niliyotoka nayo Dar es Salaam. Nilikosa amplifaya na spika, na uwezo wa nyumbani kwetu ulitosha kimoja tu. Cha pili kingesubiri mpaka msimu mwingine wa pamba.

Usilidharau swali hilo, mwanangu. Ukianza na amplifaya, una nguvu isiyo na pa kutokea. Ukianza na spika, una mdomo usio na pumzi. Vyovyote iwavyo, unakaa msimu mzima ukitegemea hisani ya mwenye kile usicho nacho. Nilipouliza mtaani kwetu Pasiansi nilipata majibu mengi kuliko watu niliowauliza. Hatimaye nikafanya kama kijana wa Kisukuma alivyofundishwa: nikalipeleka kwa baba.

Baba alikuwa mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, na wakati huo alikuwa mgane, mwaka mmoja tangu mama afariki. Nyumbani kwetu mtoto hakumsemesha baba yake akiwa amesimama, wala hakumkodolea macho. Ulimjia kwa ubavuni, ukachuchumaa, ukatazama chini na kuteremsha sauti. Nilifanya hivyo. Nikaeleza amplifaya, nikaeleza spika, nikaomba ng'ombe wa kuuza, ushauri na, zaidi ya vyote, radhi yake. Baba aliendelea kumenya karanga. Nilirudia mara ya pili, hata ya tatu, wiki ileile. Siku ya tatu alinyanyuka, akanionyesha zizi kwa kidole, akasema, "Mchukue yule dume mwekundu." Akaingia ndani. Ng'ombe nilimpata, lakini neno la baraka sikulipata.

Baba mdogo Shija, ndugu yake aliyemfuata kuzaliwa, aliniliwaza. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kaka yangu hatupi maneno ovyo. We subiri."

Jioni moja tukiwa tumekaa sote uani, nami nimelirudia swali langu, baba alitazama juu akasema, "Mvua itachelewa mwaka huu."

Baba mdogo alijipiga goti kwa furaha. "Umemsikia? Mvua ndiyo sauti, na inatoka kwa mwenye nguvu, yaani amplifaya. Hiyo ichelewe. Anza na spika!"

Shangazi aliyekuwa akipepeta mtama akasonya. "Hebu acha uganga wako, Shija. Mvua inanyesha kwa wote, kama spika. Zinazochelewa ni spika."

Wakabishana mpaka ugali ukapoa. Nasi sote, pamoja na mimi na shahada yangu, hatukuwa na shaka hata chembe kwamba yule mzee alikuwa amejibu swali.

Ndani ya moyo, hata hivyo, nilikuwa na uchungu. Niliamini baba amekasirika kwa sababu nataka kupiga muziki wakati kaburi la mama halijaota nyasi. Hakutaka kulisema, nikadhani, ila ananiadhibu kwa kunyamaza. Basi nikapanga chumba Mirongo, karibu na maduka, ili nihamie huko na vyombo vyangu na kumwachia nyumba yake na ukimya wake. Nilimuaga mara mbili, kwa adabu ileile ya kuchuchumaa na kutazama chini. Mara zote mbili hakunijibu. Nikatafsiri: nenda zako.

Siku ya kwenda dukani nilimwomba afuatane nami, nikimwashiria njia kwa mkono. Nilitaka anione nikinunua. Labda mbele za watu angesema lile neno moja, "Nimekuridhia," nami ningehama kwa amani. Msukuma mkokoteni nilishamwambia angoje nje, mzigo unaelekea Mirongo.

Mwenye duka alikuwa Mama Zuhura, mwanamke wa mjini, mcheshi. "Shikamoo, mzee wangu," akamwambia baba uso kwa uso. "Marahaba, mama. Biashara?" "Tunasukuma, mzee. Karibu." Kisha akanigeukia. "Haya, msomi. Umeamua, au leo tena umekuja kuzitazama kama mchumba?"

Dukani kulikuwa na wateja wengine wawili, na kila mmoja alikuwa na shauri. "Chukua amplifaya, spika utaazima," alisema mmoja. "Spika haziazimwi, ndugu yangu," alijibu mwenzake. "Spika ni kama mswaki."

Mama Zuhura akasema tuache maneno, tusikilize. Akaunganisha nyaya za amplifaya kubwa na spika mbili zilizonifika kiunoni. Hakujua kwamba aliyejaribu kabla yetu aliacha kitufe cha sauti kimefunguliwa hadi mwisho.

Mwanangu, ulitoka mlio ambao hata sasa nikiusimulia mwili hunisisimka. Vioo vya kabati vililia. Mteja mmoja alijibanza nyuma ya mwenzake. Mpita njia mwenye sinia la maandazi alilibwaga barabarani. Sote tuliziba masikio, na Mama Zuhura akawa anapapasa ukuta akitafuta swichi ya umeme huku akipiga kelele ambazo hazikusikika.

Baba alikuwa ametupa mgongo. Ameshika tochi mpya, anaigeuza, anaiwasha na kuizima kwenye kiganja chake. Bega lake halikutikisika.

Swichi ilipatikana. Mlio ukakatika, pakawa kimya cha kutisha. Ndipo baba alipogeuka. Akatuona sote tumekunja nyuso na mikono ingali masikioni. Niliona hofu ikipita machoni mwake, hofu ya mtu aliyechelewa kwenye jambo. Kisha, polepole, akaiweka tochi mezani, akainua mikono yake miwili, akayaziba masikio yake, akakunja uso kama sisi.

Aliyaziba masikio yake dhidi ya kimya.

Wateja waliangua kicheko. "Mzee huyu ana utani!" Mama Zuhura naye alicheka akijifuta jasho. Mimi sikucheka. Nilizunguka nyuma yake, nikaita, "Baba." Nikaita tena kwa sauti ambayo mtoto hamwitii baba yake. Wateja waliacha kucheka. Baba alikuwa akiwatabasamia wao. Nilipomgusa bega akageuka, akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Kwani humu tumekuja kununua nini?"

Miezi mizima! Dume mwekundu ameuzwa, ukoo umebishana, mimi nimemchukia na kupanga chumba, naye hakuwa amesikia hata neno moja. Nilimshika mkono nikamtoa nje, tukateremka hadi kwenye mawe ya ufukweni, mahali ambapo mawimbi yanapiga na hapapiti watu wengi. Nilikaa mbele yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtazama baba yangu machoni.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. "Tangu kiwandani. Mashine zile zilianza kuchukua sauti za ndege. Baadaye zikachukua za wanangu. Mle ndani hakuna aliyemsikia mwenzake, tulisomana midomo. Nilistaafu na ujuzi huo. Lakini nyie mnazungumza na ardhi."

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye alikuwa masikio yangu."

Hapo nilishtuka upya, kuliko nilivyoshtuka dukani. Nilimwona mama, jinsi alivyokaa kila siku uso kwa uso na baba, na kila mmoja wetu aliposema jambo yeye alilirudia taratibu, kama hili langu: "Eti Masanja anasema anataka viatu vya shule." Tulikuwa tukimcheka, tukimwita redio ya baba. Alipokufa, baba akanyamaza, nasi tukasema ni majonzi. Kumbe siku ile tulimzika mama pamoja na kila neno letu lililokuwa likimfikia baba.

"Kwa nini hukutuambia?"

Alitazama maji kwanza. "Mzee asiyesikia huwekewa chakula akaachwa. Watu humjadili akiwepo, kama mbuzi wa mnadani. Lakini mzee asiyesema, huyo huogopwa. Nikachagua kuogopwa."

"Na dume mwekundu ulimtoaje, kama hukusikia ninachoomba?"

"Ulichuchumaa mara tatu katika wiki moja, Masanja. Nani hajui mtoto anayeomba? Nilikupa kwanza, nikangoja nione utarudi na nini." Kisha akanisogezea uso. "Haya, sasa niulize. Hukuhuku usoni."

Nikamuuliza, neno kwa neno, kile nilichokuwa nimeiuliza ardhi tangu kiangazi. Amplifaya, au spika? Aliinamisha kichwa akifikiri, na safari hii kimya chake kilikuwa kimya kweli, cha mtu aliyelisikia jambo na analipima.

"Pale dukani," akasema, "nimeona kwenye nyuso zenu kwamba kumepigwa kelele ya kupasua mawe. Kelele ile haikunifikia. Mama yako hakuwahi kupaza sauti hata siku moja. Alihama alipokaa, akaja mbele yangu. Kukuza sauti ni jambo moja, mwanangu, na kufika ni jambo jingine. Nunua kwanza kinachofikisha. Nguvu utaikuta kwa watu, dunia haijapungukiwa kelele." Kisha akaongeza, bila mimi kumwomba, "Nimekuridhia. Nilidhani unajua."

Mwanangu, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nao walimsema mgonjwa peke yake. Mimi nawasema na walio karibu naye. Sisi tulikuwa na macho, na hatukuyatumia kwa sababu tuliambiwa ni utovu wa adabu. Adabu ni njema, usiitupe. Mchuchumalie mzazi wako, umwamkie, teremsha sauti ukipenda, lakini inua uso. Heshima isiyomtazama mtu huishia kumheshimu mtu mwingine, uliyemuumba wewe kichwani. Na kimya cha mtu usikigeuze kuwa fumbo, wala hasira, wala hekima, kabla hujahakikisha kwamba ulichosema kimemfikia. Rudia. Kuuliza si ujinga. Baba mdogo Shija na shangazi walifasiri mvua, nami nilifasiri chuki, kumbe wote tulikuwa tunasoma ukurasa mtupu. Na siku ukiwa na jambo la kuanza na huna uwezo wa yote, iwe biashara, iwe ndoa, iwe uongozi, usikimbilie kwanza kile kitakachokukuza. Tafuta kitakachokufikisha kwa wenzio. Debe tupu nalo huvuma.

Mungu akupe masikio ya kuzeeka nayo. Akiona vema kukunyima, basi akupe mtu atakayehama alipokaa aje mbele yako. Na watoto wako wasikuogope hata wakakupotea ukiwa umekaa nao. Amina.

Asubuhi yake tulirudi kwa Mama Zuhura, baba na mimi, nikanunua zile spika mbili. "Na amplifaya?" akauliza. Nikamwambia kwaya ya kigango chetu ina amplifaya kuukuu ambayo spika zake zimepasuka, nitaongea nao. "Haya, msomi, umeoa," akasema, akatusaidia kuzitoa nje. Tulizilaza juu ya mkokoteni, tukazifunga kwa kamba za katani.

Msukuma mkokoteni alitemea viganja vyake mate. "Mirongo, bosi, kama ulivyosema jana?"

Sikumjibu. Nilizunguka mkokoteni hadi upande wa pili, baba alikokuwa akikaza fundo la mwisho. Nikangoja ainue kichwa, nikasimama mbele yake.

"Baba, tuzipeleke wapi?"

Alinitazama kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani. "Pasiansi. Kwani una nyumba ngapi?"

"Moja, baba," nikasema, taratibu, ili aione midomo yangu.