Shali ya Matundu

Mke wa mchungaji wa Kijerumani, tuliyemwita Bibi, aliamini kwamba msichana wa Meru asiyejua kufuma hataiona mbingu. Sijui huko juu kuna baridi kiasi gani. Sufu yake ilikuwa imeliwa na nondo, basi akatuagizia uzi wa pamba kwenye duka la Mhindi karibu na boma la Arusha. Akasema tufume shali za matundu, kama wanazojitanda kwao wakienda kanisani.

Pamba ina kiburi. Sufu huvutika, inakusitiri ukikosea, pamba hukuumbua. Unazungusha uzi kwenye sindano, unaunganisha mishono miwili, unapata tundu. Mamia ya matundu, tena kwa makusudi! Kwetu nguo ikitoboka mtu hutafuta kiraka.

Hata hivyo nilifuma kama mwendawazimu, maana Bibi alisema atakayefuma vizuri atabaki misheni kufundisha wadogo. Na baba alikuwa ameshatamka: nikipata kazi hiyo, mchumba atangoja. Nikikosa, naolewa ulezi ukishavunwa. Mchumba mwenyewe alikuwa wa rika la baba, na nywele alizokuwa nazo masikioni zilizidi za kichwani. Sikumtaka hata kidogo.

Nilipomaliza, niliipeleka nyumbani mama aione. Asubuhi nikaikuta nyekundu. Mama alikuwa ameipaka mafuta ya kondoo na udongo mwekundu, kama tunavyofanya kwa ngozi mpya kabla haijavaliwa, ili ilainike na iwe na baraka. Nililia. Yeye akadhani ni furaha. Akajitanda ile shali, akafuatana nami misheni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

Bibi aliinua ncha ya shali kwa vidole viwili, mbele ya wasichana wote.

"Nani ameharibu kazi hii?" aliuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo mama hakuijua.

Mama alinigeukia huku akitabasamu, akaniuliza kwa Kimeru, "Anasemaje, mwanangu?"

Nilimtazama. Sikuwahi kumwona amependeza vile.

"Anasema ni nzuri sana, mama."

Kisha nikamwambia Bibi, "Ni mimi. Nimeiharibu mwenyewe."

Mama akanihimiza nimshukuru yule mama wa watu. Nikamshukuru. Mwaka ule ulezi ulikomaa mapema.