R Haianzi Neno

Jina la baba yangu linaanza na R. Silitaji hapa, lakini hiyo herufi lazima niitaje, maana ilibaki kidogo tu itutoe kwenye shamba letu.

Baba alikuwa askari wa magereza, mtu wa kaskazini mwa Uganda, aliyeletwa Jinja kikazi akapapenda. Kabla ya kustaafu alinunua eka tatu nje kidogo ya Buwenge kwa mzee mmoja wa huko, akaita wapimaji, wakachimbia mawe ya mpaka, akapewa hati. Hati yenyewe ilipotea miaka ya vita, nyumba ilipoporwa mpaka vijiko. Yeye wala hakujali. Alisema jina lake limo kwenye kitabu cha serikali, basi yamekwisha. Alipofariki tulimzika hapo hapo nyuma ya nyumba, na mama akabaki peke yake. Mimi nilikuwa Mbale, mtaa wa Malukhu, na cherehani yangu, nikishona sare za shule na suruali za madereva wa Kenya.

Katikati ya miaka ya tisini mama akanitumia ujumbe nije haraka. Yule mzee aliyetuuzia alikuwa ameshakufa, na mwanawe, jirani yetu, alikuwa ameanza kulima ndani ya mawe yetu. Mihogo yake ilifika hatua tano kutoka kwenye kaburi. Mama alipomuuliza, alijibu kwamba marehemu mzee wake hakumuuzia mtu shamba, alimkaribisha askari tu. Sasa askari amekufa, mama arudi kwao kaskazini. "Na huyo mtu yenu mufukue yeye, mwende naye."

Mumfukue! Mimi nina hasira za karibu, sikatai, lakini siku hiyo hata kutukana nilishindwa. Mama ndiye aliyekuwa mtulivu. Baraza la kijiji lilikuwa limemwambia alete karatasi ya ardhi kabla ya kikao kijacho, la sivyo ahame. "Baba yako hatoki hapa," aliniambia, "na mimi sitoki. Nenda kalete hiyo karatasi."

Nikaenda Jinja. Ofisi yenyewe siitaji. Kulikuwa na benchi, kaunta, na nyuma yake karani mzee, mtu wa Busoga, miwani yake imefungwa kwa uzi. Mbele yake kitabu kikubwa cha majina ya wenye ardhi, kimepangwa kwa herufi. Namba ya kiwanja sikuwa nayo, nilikuwa na jina tu. Nikajaza fomu, nikampa. Akafungua R. Kurasa za R hazikufika hata tatu, na karibu majina yote yalikuwa ya Wahindi na Wazungu wa zamani.

"Nyabo, hapana iko," akasema, akiniita bibi kwa lugha yao.

"Tafuta tena, mzee."

Akatafuta tena. Haikuwepo. Wiki iliyofuata nikarudi, ikawa vile vile, na siku hiyo kijana mmoja wa meza ya pili akaingilia. Alikuwa amenisikia nikiongea Kiswahili, na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari. "Nyinyi watu ya jeshi mulichukua ardhi na bunduki," akasema. "Sasa munataka kalatasi ya nini?"

Ebo! Niligeuka nikamwangalia mpaka akaona haya. "Baba yangu alikuwa na funguo za gereza," nikamwambia. "Bunduki ya kununulia shamba hakuwa nayo. Na Kiswahili ndicho nilichozaliwa nacho, sikukiiba kwa mtu." Watu wa benchi wakacheka, yeye akarudi kwenye mafaili yake.

Mara ya tatu nilikwenda na chakula changu, viazi na chupa ya chai, nikamwambia yule mzee leo siondoki. Akaguna, akachukua fomu yangu, akanakili jina kwenye daftari lake dogo, akaingia chumba cha ndani kuuliza. Nilikaa. Wakaitwa watu, wakaondoka. Mara namsikia karani anaita jina la baba yangu, lakini kwa L. Sikuinuka. Akaita tena. Sikuinuka.

Hayo ni mazoea ya zamani. Shuleni Jinja mwalimu wetu alitufundisha kwamba katika maandishi ya lugha ya wenyeji wa Busoga R haianzi neno, hukaa baada ya e na i tu, kwingine kote ni L. Sina ugomvi na kanuni ya watu. Ugomvi wangu ni kwamba jina letu si la lugha yao. Baba aliniambia mtu akiniita kwa L nisiitike, kwa kuwa huyo hajaniita mimi. Nilichapwa kwa ajili ya hiyo L, na sikuitika.

"Nyabo!" mzee akafoka. "Mara mbili mimi naita wewe, wewe nakaa tu!"

"Hukuniita mimi."

"Si jina yako hii?" Akanigeuzia lile daftari dogo. Fomu yangu ilikuwa pembeni, R kubwa kama mlango. Kwenye daftari, kwa mwandiko wake mzuri, ilikuwa L.

"Mimi niliandika R, mzee."

"Ee, hiyo hiyo," akasema bila wasiwasi wowote. "R hapana anza neno."

Nikawaza, aliyeandika kile kitabu naye ni mtu wa huko huko. Nikamwambia, "Mzee wangu, nakuomba, fungua L."

Kurasa za L zilikuwa tele, maana aliyehamishiwa huko hakuwa baba peke yake. Ilichukua muda. Kisha kidole chake kikasimama. Jina la baba kwa L, eka tatu, upande wa Buwenge, na jina la mzee aliyeuza. Nilicheka na kulia kwa pamoja mbele za watu wote, na sioni aibu kusema. Miaka yote niliikataa hiyo L, kumbe baba alikuwa amekaa ndani yake akitungoja. Nilichukia, tena sana, lakini niliichukua nakala ya ukurasa huo iliyopigwa muhuri.

Karani alinishauri niape kwamba jina la marehemu lilikuwa la L, mambo yaishe. Nikamwambia asante, lakini baba yangu hakuwa wa L hata siku moja, na siwezi kumbadilisha kaburini ili kitabu kiwe sawa.

Wapi! Jirani naye hakuwa mjinga. Siku ya kikao, uwanjani kwa mwenyekiti wa kijiji, aliishika ile nakala, akaomba na kitambulisho cha baba cha magereza, ambacho siku zote kilikuwa mfukoni mwake, akaviweka sambamba. "Angalieni herufi," akasema. "Moja hapana sawa na ingine. Hii ya kitabu ni mtu mwingine." Watu wakanong'ona. Mwenyekiti akakuna kidevu, akaniangalia mimi.

Nikasimama. "Mume wa mama huyu," nikamuuliza jirani, "wewe ulikuwa unamwitaje?"

"Afande."

"Na jina lake?"

Mtego aliuona. Lakini kijiji kizima kilikuwa kinamtazama, na kila mmoja alikuwa amemsikia akimwita baba miaka nenda rudi. Akalisema jina, na likatoka kwa L, kama lilivyotoka kwenye midomo yao siku zote. Katibu wa baraza, aliyekuwa akiandika kila neno, akaliandika alivyolisikia. Nikamwomba mwenyekiti asome.

Akasoma daftari la katibu, akasoma nakala ya Jinja. Mtu mmoja akaanza kucheka, kisha wengi. Mwenyekiti hakucheka. Alimuuliza jirani kama anajua askari mwingine yeyote wa jina hilo aliyewahi kukaa hapo, jirani akatikisa kichwa. Ikaamuliwa shamba ni la mama, mawe yabaki yalipo, jirani atoke.

Ndipo jirani akaanza kunyenyekea. Akamgeukia mama, akamwita shemeji. Akasema mihogo yake bado michanga, haijatia hata mizizi ya maana, kuing'oa sasa ni kuiua bure. Aomba aachiwe mpaka ikomae. Wazee wawili watatu wakaitikia, wakaona ni ombi la haki.

Mama alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi. Alisimama, akakaza kanga yake, akasema kwa Kiswahili chake kile kile walichokuwa wanakicheka sokoni:

"Mume wangu ulitaka tumfukue, na mihogo ndiyo unaionea huruma?"

Jirani aliazima jembe kwa mwenyekiti, akaanza na tuta la karibu na kaburi.